Rozari ya Lumbesa

Ipo alasiri moja ya Kalenga, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake. Moshi wa kuni mbichi, udongo uliotoka kunyeshewa, na ugoro wa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa ameketi juu ya gunia mlangoni mwa jiko akitunga rozari. Mimi nilikuwa mchumba wa mtu siku hizo, yaani mwili ulikuwa pale gunia moja na bibi, na roho ilikuwa barabarani.

Punje za rozari zake hazikutoka dukani. Kando ya Ruaha Mdogo huota majani marefu yanayofanana na mahindi, ila badala ya kuzaa mahindi yanazaa punje ngumu za kijivu zinazong'aa kama meno ya mtu mwenye furaha. Kila punje inakuja na tundu lake katikati. Bibi alisema Mungu alizitoboa mwenyewe siku ambayo hakuwa na haraka. Uzi tuliuchomoa kwenye viroba vya mbolea. Nusu ya Wakatoliki wa Iringa walisali kwa punje za bibi yangu, na nusu nyingine walikuwa kwenye foleni. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni, nilipokuja kusoma kidato cha nne nikiwa tayari na wajukuu, aliandika kwa wino mwekundu kwamba insha zangu zina chumvi nyingi. Nilimwambia chumvi ni ya kwetu, hatununui.

Basi bibi alikuwa na sharti lake. Mjukuu wa kike haondoki kwenda kwa mume bila rozari aliyoitunga kwa mikono yake. Sufuria utapewa, alisema, kanga utapewa, mkeka utapewa, lakini rozari unatunga mwenyewe, maana ndiyo mzigo pekee utakaoubeba peke yako. Nikawa natunga. Nilifika kumi la mwisho kati ya makumi matano ya rozari, jua likawa linateremka nyuma ya migomba, nami nikasikia lori likibadilisha gia mlimani. Nililijua lori lile kama unavyoujua mlio wa simu yako. Lilikuwa la Ambakisye, mchumba wangu wa Uyole, aliyekuwa anakuja Kalenga kununua nyanya, na nadhani yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kusafiri kutoka Mbeya kuja kununua tenga moja.

Vidole vikaendelea, akili ikapanda lori.

Bibi alikuwa haoni vizuri tena. Aliichukua rozari, akaipitisha vidoleni taratibu, midomo ikicheza, kisha akasimama kwenye kumi la mwisho.

"Hapa umeweka ngapi?"

"Kumi, bibi."

"Hesabu tena. Na safari hii macho yarudi kwanza kutoka huko barabarani."

Nikahesabu. Kumi na moja. Nikanyoosha mkono kuchukua kisu.

"Weka chini hicho."

"Bibi, nimekosea. Padre akiiona atanicheka."

"Padre ana yake. Ukiukata uzi huu hapa, fundo litakuja kukaa kwenye kidole, utaligusa kila siku mpaka uzeeke. Na huko unakokwenda nako, ndoa ikikosewa kidogo utachukua kisu?"

"Sasa hii moja nitaisali vipi? Itakuwa ya nani?"

Bibi alivuta ugoro wake, akafumba macho kwa raha. "Ya mtu ambaye ukisikia jina lake unasonya."

"Mimi sina mtu kama huyo."

Alicheka mpaka gunia likasogea. "Bado hujaolewa," akasema.

*

Hukuijua Uyole ya siku zile, mwanangu. Leo mnalalamika baridi. Wakati ule baridi ilikuwa baridi. Maneno yaliganda hewani, na ukitaka kujua mwenzio alisema nini inabidi uyapashe jikoni kwanza. Viazi vilikuwa vikubwa hivi kwamba ukichimba kimoja, shimo linalobaki unaweza kufugia bata. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milimani ukakaa barabara kuu, na malori ya kwenda Tunduma yalipita ndani yake yakiwa taa tupu, bila mwili, kama vitu unavyoviona usingizini kabla jogoo hajawika.

Ambakisye aliiona rozari yangu juma lile lile la kwanza. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi, na unajua vile wafanyabiashara wa viazi walivyokuwa wanajaza gunia. Likijaa wanalishonea kofia ya wavu juu yake, halafu wanaendelea kujaza, mpaka gunia linakuwa kama mama mjamzito aliyebeba mtoto mwingine kichwani. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analia, mnunuzi anacheka. Basi mume wangu alihesabu punje zangu akaniangalia.

"Mke wangu," akasema, "wengine wote wanasali kilo. Wewe unasali lumbesa."

Jina likabaki hapo. Rozari ya lumbesa.

Sasa nikwambie kuhusu mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa Mnyakyusa mrefu, mnyoofu, mwenye sauti ya kuita watu walioko kilima cha pili, na hakunitaka. Alikuwa amemwandalia mwanawe msichana wa Rungwe, binti wa rafiki yake, aliyejua kupika mbalaga, zile ndizi zao zinazochemka taratibu na nyama mpaka zinasahau kwamba zilikuwa ndizi. Badala yake akaletewa mimi, Mhehe wa Kalenga, ninayejua ugali. Jina langu hakulitumia. Aliniita Mhehe.

"Wewe Mhehe, hii chai umepika au umeoshea sufuria?"

"Ni chai, mama."

"Ndaga. Kumbe ni chai."

Ndaga kwao ni asante, na sijawahi kusikia asante inayouma kama ile. Siku moja nilijaribu mbalaga. Nilihangaika nayo tangu asubuhi. Alionja kijiko kimoja, akanyanyuka na sufuria yote, akawamwagia bata, na bata wenyewe wakamwangalia kwanza.

Nikasonya. Kimoyomoyo, lakini nikasonya. Na jioni ile, nilipofika mwisho wa rozari nikagusa punje ya kumi na moja, nikakumbuka cheko la bibi. Mwenye punje alikuwa amepatikana, na alikuwa chumba cha pili akikohoa.

Nikamsalia. Usidhani nilimsalia kwa upendo. Niliisali Salamu Maria ile kama mtu anayemeza klorokwini, haraka, uso umekunjwa. Lakini kila siku ilikuwepo pale, kidole kinaikuta, siwezi kuiruka, maana kuiruka ilikuwa ni kumdanganya bibi.

*

Ikaja masika moja ambayo mpaka leo watu wa Mbarali wakiitaja wanashusha sauti. Ambakisye na dereva wake, kijana aliyeitwa Lugano, walikuwa wameteremka Usangu, huko huko Mbarali, kufuata mchele. Lugano alikuwa mtoto pekee wa jirani yetu, Mama Lugano, mjane, ambaye nyumba yake na yetu zilitenganishwa na uzio wa majani ya mabingobingo tu. Wakapita Igawa, wakaiacha lami, wakaingia ndani ya tambarare. Kisha mvua ikafunguka. Mwanangu, ilinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujikinga. Mito ikatoka ilikokuwa ikakutana katikati ya mashamba kama ndugu waliopoteana, na njia zote za ndani zikafa.

Simu za mkononi zilikuwa bado ni habari za watu wa Dar. Tulichokuwa nacho ni madereva wa barabara kuu. Kila lori lililosimama Uyole kutoka upande wa Igawa, nilikimbia kuuliza. Wote walijibu vile vile: maji, mama, huko ndani ni maji matupu. Mmoja akasema ameona kofia ya lori, yaani paa la kichwa chake, imetokeza juu ya maji, rangi hakuikumbuka. Lori la mume wangu lilikuwa la bluu. Nikarudi nyumbani na rangi ya bluu imejaa macho yangu, nikawa naiona kwenye mbingu, kwenye ndoo, kwenye maua ya viazi.

Nyumba ikabaki na wanawake wawili wasiosemeshana. Alikuwa mwanawe, alikuwa mume wangu, na kila mmoja alimngoja kwenye kona yake. Nilikuwa nasikia nyayo zake zikienda dirishani, zikirudi. Yeye naye nadhani alizisikia zangu. Siku zikawa ndefu na laini, kama uji ambao hauishi. Ukungu haukutoka. Ulipanda kwenye madirisha ukaketi nasi, na nyakati nyingine sikujua kama nimeamka au bado nimelala, kama huo ni mvumo wa malori au ni mto. Nilikaa nikiwa nimeshika rozari bila kusali. Nilizishika punje tu, nikatembeza kidole. Zilikuwa za mto, zilikuwa baridi, zilikuwa za Kalenga. Hiyo ndiyo sala yote niliyokuwa nayo.

Jioni moja mama mkwe akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda ng'ambo ya moto. Alikuwa na rozari yake mkononi, ya plastiki nyeupe, aliyoipata misheni alipopata komunio ya kwanza.

"Mhehe," akasema. "Peke yangu nasinzia. Ongoza."

Nikafanya ishara ya msalaba. Mimi nasema nusu ya kwanza, yeye anapokea nusu ya pili. Rozari ndivyo ilivyotengenezwa, mwanangu, usiku na mchana nawaambia watu: mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia. Huwezi kumnunia mtu anayekumalizia sentensi. Mahali fulani katikati nikasahau Kiswahili nikaingia Kihehe, na yeye akanijibu kwa Kinyakyusa, wala hakuna aliyepotea. Nje ng'ambo ya mabingobingo tukasikia sauti nyembamba ya Mama Lugano naye akisali zake peke yake. Sauti tatu katika ukungu, kama nyuki kwenye mzinga mmoja.

Nikafika kumi la mwisho. Mama mkwe akamaliza punje zake kumi, akaanza Atukuzwe Baba, mimi nikaanza tena Salamu Maria. Akaiacha yake, akanikazia macho.

"Mbona unazidisha? Kwenu Uheheni kumi ni ngapi?"

"Rozari yangu ina moja ya ziada, mama."

"Lete."

Nikampa. Akaipapasa kama bibi alivyoipapasa. "Nani alikosea?"

"Mimi."

"Nilijua." Akaishikilia ile ya mwisho katikati ya vidole viwili. "Na hii unamsalia nani?"

Ningeweza kusema ni ya marehemu wa toharani. Ningeweza kusema ni ya Baba Mtakatifu. Lakini ukungu ule, na moto ule, na hofu ile, vilikuwa vimeniondolea nguvu ya kutunga uongo.

"Wewe, mama."

"Mimi kwa nini?"

"Bibi alisema ni ya mtu ambaye nikisikia jina lake nasonya."

Kuni ikapasuka. Akaigeuza rozari upande huu na upande huu.

"Tangu lini?"

"Tangu juma nililofika."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ile siku ya mbalaga na bata nilikusalia mbili."

Nilidhani atanitoa nje nikalale na bata wenyewe. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikafikiri analia, kumbe anacheka, akacheka kwa ile sauti ya kuita watu wa kilima cha pili, kuku wakashuka darini wakakimbilia uani. "Kumbe," akasema akijifuta macho kwa pembe ya kanga, "ndiyo maana goti langu la kushoto limepona bila dawa." Kisha akashusha sauti. "Nami nimekusalia. Nilikuombea uchoke, urudi kwenu."

"Ee, mama."

"Naona ya kwako ilikuwa na nguvu zaidi." Alitazama moto, na sasa kweli alikuwa analia, bila kelele. Akanirudishia rozari. "Isali hiyo moja. Leo muwekee Ambakisye."

"Yeye simsonyi."

"Muwekee tu. Nitamsonya mimi akirudi."

Tangu jioni hiyo tukawa tunasali pamoja, na tukifika mwisho wa kumi la mwisho yeye ndiye aliyekumbusha. "Bado moja," anasema, kisha tunajadiliana nani apewe. Tulimpa tena Ambakisye, mwenye lori. Tulimpa yule dereva aliyetuambia habari ya kofia ya lori. Tulimpa binti wa Rungwe aliyejua kupika, na hapo mama mkwe alinitazama kwa jicho la pembeni akasema, "Usimpe nyingi." Siwezi kukwambia kwamba hofu iliondoka. Haikuondoka. Ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa, na watu wawili wa kuibeba, na kila jioni tuliiteremsha chini kwa muda wa rozari moja.

*

Siku aliyorudi, ukungu ulikuwa umeinuka kidogo na jua la mwisho lilikuwa limepaka kila kitu asali. Tulikuwa kwenye kumi la mwisho. Mlango ulikuwa wazi. Nikaona kivuli kinaingia kabla ya mtu, nikainua macho, na hapo mlangoni amesimama Ambakisye, amekonda, tope limemkauka mpaka nyusini, kofia mkononi.

Sauti yangu ikakatika katikati ya neno. Mama mkwe alikuwa ameupa mlango mgongo. Hakujua, akadhani nimesinzia.

"Bado moja," akasema. "Leo ni ya nani?"

Na mume wangu akajibu kutoka mlangoni, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba.

"Mama. Hiyo moja muwekeeni Mama Lugano."

Mama mkwe hakugeuka upesi. Kwanza nilimwona akiitambua sauti, uso wote ukafunguka. Kisha nikamwona akiyaelewa maneno, uso ukajifunga tena. Furaha na msiba viliingia nyumbani kwetu kwa mlango mmoja, katika pumzi moja, mwanangu, na sijui hata leo kipi kilitangulia kukaa.

Lori lilikuwa limezama kwenye tope ng'ambo ya Igawa. Walipanda kwenye kilima kidogo kwa familia ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, watu wema, waliwalaza na kuwapa mtindi. Lugano hakuweza kukaa. Alisema anajua kuogelea, anakwenda kutafuta trekta. Wale wafugaji walimkatalia, akacheka, akaingia majini. Walimtafuta pamoja na Ambakisye mpaka wakampata, amekwisha kufa, na Ambakisye hakukubali kurudi bila yeye. Wakati huo tunaongea, gari lililombeba Lugano lilikuwa limesimama njia panda, likingoja mtu akamwambie mama yake kwanza.

Na ng'ambo ya mabingobingo, Mama Lugano alikuwa anasali. Tulimsikia. Salamu Maria moja, halafu nyingine, sauti nyembamba, ya haraka kidogo, ya mtu mwenye matumaini.

Ambakisye akapiga hatua. Mama yake akamshika mkono.

"Mwache amalize," akasema.

Tukasimama watatu katika lile jua la asali tukamngoja amalize. Mama mkwe alianza kwa kunong'ona, nami nikamjibu kwa kunong'ona, tukaisali ile moja. Tulipomsikia akisema Amina, tukaenda.

Sitasimulia kilio. Kila mama anakijua. Nitasema hiki tu. Mama Lugano alituuliza, mimi na mama mkwe, "Mlisali nini ninyi ambacho mimi sikusali?" Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu chini ya jua, hakusema ni mapenzi ya Mungu. Aliketi chini kando yake, akachukua rozari yangu ya lumbesa mkononi mwangu, akaiweka kwenye kiganja cha yule mama na kukifunga. Akaanza Salamu Maria. Mimi nikapokea nusu ya pili. Mama Lugano hakufungua mdomo. Jioni ya pili vile vile, na ya baadaye. Tulisema nusu zote mbili sisi wenyewe, yeye ameshika punje tu kama nilivyokuwa nimezishika mimi, kidole kinatembea, macho yako kwingine.

Kisha jioni moja, sote tumechoka, mama mkwe akakohoa katikati ya sala, sauti ikamkatika. Na kutoka pale kwenye mkeka tukasikia sauti kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee..." Alimalizia sentensi. Tulimaliza wote rozari ile bila kutazamana, tukiogopa kumshtua.

Rozari ilibaki kwake. Miaka mingi baadaye, kwenye sala za jumuiya, nikamuuliza ile punje ya mwisho alikuwa anamsalia nani siku zile. Nilifikiri atasema mto, au Ambakisye mwenye lori, au labda mimi ambaye wangu alirudi. Alinitazama akatabasamu na meno yake yaliyobaki.

"Mungu," akasema. "Ndiye niliyekuwa nikisikia jina lake nasonya. Nikamwambia Mama Maria, wewe nawe ulifiwa na mwanao, unajua. Ongea naye, mimi sitaki kuongea naye. Akawa anaongea naye kwa niaba yangu mpaka nikaweza mwenyewe."

Huyo Mama Lugano, mwanangu, ndiye yule bibi mnayemwona leo akitangulia mbele mwezi wa Oktoba tunapobeba sanamu nyumba hadi nyumba, anayeimba kwa sauti mpaka malori ya barabara kuu yanapunguza mwendo. Ndiye anayewachekesha tukinywa uji baada ya sala. Mama mkwe wangu alilala zamani. Alinifundisha mbalaga kabla hajaondoka, na mwaka wake wa mwisho aliacha kuniita Mhehe, akaniita mwanangu. Nilipolisikia hilo neno kutoka kwake nikajua ndilo nitakalowaita wengine.

*

Sasa sikiliza, maana najua simu yako inataka kulia.

Nawaona vijana wa siku hizi. Mmoja ameivaa rozari shingoni kwa sababu inapendeza na fulana. Mwingine ameitundika kwenye kioo cha gari ili imlinde, huku anapita kona za mlima Kitonga kama mtu anayefukuzwa na simba. Mjukuu wangu anayo ndani ya simu, inatetemeka kila punje, na mimi nimemwambia ni sawa, Mama Maria hana ugomvi na betri. Lakini msije mkaidhania kwamba ni hirizi. Sisi watatu tulisali rozari zile zile, kwa maneno yale yale, kwa machozi yale yale. Wangu alirudi, wa jirani hakurudi. Mtu akikwambia rozari ni ya kumshurutisha Mungu, mwambie aje aongee na Mama Lugano.

Nguvu yake iko hapa. Ni kitu cha kushika siku ambayo huna cha kusema. Inakupa maneno wakati yako yameisha. Inakuketisha kando ya Mama aliyefurahi na akalia, anayajua yote mawili, na inakupitisha kwenye maisha ya Mwanawe, punje kwa punje, mpaka maisha yako yaliyokuvuruga yanapata mahali pa kuegemea. Usiisali kama unafukuza kuku. Na usingoje moyo uwe mweupe ndipo uanze. Mimi nilianza na moyo uliokunjwa kama uso wa mtu anayemeza dawa, ukakunjuka huko huko njiani. Ukiweza isali na mtu wa nyumbani mwako, hasa yule msiyesemeshana. Mwachie nusu ya pili.

Na ukimaliza kumi lako la mwisho, hata kama rozari yako imetungwa na fundi asiyekosea, usikimbilie kuiweka mfukoni. Ongeza moja. Unajua ni ya nani. Ukisikia jina lake unasonya.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyezitoboa punje za Ruaha Mdogo siku ambayo hakuwa na haraka, asiwe na haraka na wewe. Bikira Maria akumalizie sentensi zote zitakazokukatikia mdomoni. Barabara ikurudishe nyumbani, na ukifika mlangoni uwakute watu wanaokusalia. Na wakikuambia usimame kidogo kwanza, bado moja, usikasirike. Simama. Itikia.